Kichujio Kilichorudi Cheupe

9 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ile kazi yako ya kupima hewa za watu bado inakupa mkate. Sisi huku hatujambo. Mama watoto anakusalimu sana. Mwanangu mkubwa ameanza kunyoa ndevu ambazo hazijaota. Shemeji yangu, yule mdogo wake mama watoto tuliyembandika jina la Kimya kwa sababu hanyamazi hata usingizini, sasa nafanya naye kazi. Mwambie dada yangu, mama yako, aache kulidekeza goti lake, aende akatazamwe.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Simu tunaziacha getini, na jioni mtandao wa huku unakatikakatika. Nimeona bora tuandikiane, kama tulivyokuwa tukifanya ulipokuwa bwenini.

Kazi ni nzuri. Ni mradi wa maji, matangi manne ya chuma, kila moja linaweza kumeza nyumba yangu na ya jirani na bado likabaki na nafasi. Sisi tunapaka ndani ili chuma kisile kutu. Rangi inakuja katika makopo mawili: kopo kubwa ni rangi yenyewe, dogo lina maji ya kahawia ya kuifanya iwe ngumu kama kigae. Ukishachanganya huna muda wa soga, inaganda. Tunaingia kwa tundu la ubavuni, tunapuliza kwa bomba, tunatoka tukiwa weupe kama mizimu.

Sasa, kuna mwenzangu mmoja hapa ana swali, nikamwambia mpwa wangu ndiyo kazi yake. Kifua kinambana, kinapiga mluzi, hasa jioni akishafika nyumbani. Siku ya mapumziko anapona kabisa. Wiki ikianza, na chenyewe kinaanza. Anadhani ni vumbi. Harufu kali hakuna. Unasemaje?

Wako,
Mjomba

21 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imenifurahisha, nikamsomea mama sehemu ya goti. Amesema wewe ni mdogo wake na hajakupa ruhusa ya kumtania. Lakini kesho anakwenda hospitali, kwa hiyo umeshinda. Mimi sijambo. Nimehamia chumba chenye dirisha, jambo kubwa kwangu baada ya kile cha zamani.

Nijibu la mwenzako kwanza, maana limeniondolea usingizi. Yale maji ya kahawia ndiyo ninayoyaogopa. Ndani yake huwa kuna kemikali inayoitwa isosianati. Kwamba hainuki si dalili njema. Pua ikija kuigundua, mtu ameshavuta nyingi. Ikipulizwa mahali palipofungwa kama tangi, hewa yote inakuwa yenyewe. Kifua kinachobana siku za kazi na kupona siku za mapumziko si kifua cha vumbi, Mjomba. Ni mwili umeanza kuikataa. Na mwili ukishaikataa, hausahau: siku nyingine kiasi kidogo tu, ambacho mwenzake hata hakihisi, kinaweza kumfunga pumzi.

Mwambie huyo mwenzako asiingie tena tangini. Barakoa za vumbi haziizuii. Wanaopuliza rangi hiyo ndani wanapaswa kuvaa kofia ya kufunika uso mzima, inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Mnazo? Glavu mnazo? Maana hata ngozini inapita.

Na je, mmewahi kupimwa? Sisi humvalisha mfanyakazi pampu ndogo mkandani, mrija unapanda mpaka kwenye ukosi, na hapo kuna kichujio kidogo kinachovuta hewa ile ile anayoivuta yeye. Afanye kazi yake kama kawaida, jioni tunakichukua kwenda maabara. Bila hivyo kila mtu anakisia tu.

Nijibu upesi.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi ilitubana. Nyumbani wote wazima. Mama watoto ameanza kushona sare za shule, sebule imejaa vitambaa, nikikaa vibaya nachomwa sindano mahali nisipoweza kumwonyesha mtu.

Nina habari za kukutuliza. Tumepimwa. Alikuja kijana mpole na sanduku la vifaa, akatuvalisha zile pampu kama ulivyoeleza, na majibu yamekuja: salama, chini kabisa ya kiwango. Injinia wa mradi ameyabandika kwenye kibanda cha chai ili kila mtu aone. Nikasogea kusoma, na chini pale, mpwa wangu, nikaiona saini yako. Nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Nikawaita wenzangu, nikawaambia huyu ni damu yangu, na kama ingekuwa sumu asingesaini. Kimya akasema kuanzia leo anaingia tangini kama anaingia harusini.

Na jingine: nimefanywa nyapara. Sipulizi tena. Nasimama nje, naandaa mchanganyiko, napanga watu. Bomba langu amelichukua Kimya, na mkono wake ni mzuri kuliko nilivyotegemea.

Yule mwenzangu hajambo sasa.

Mjomba

15 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mama anakusalimu. Hongera ya unyapara. Ningependa kuandika mengi kuhusu hilo, ila kuna jambo limenikaa kooni.

Ndiyo, saini ni yangu. Sikujua saiti ile ni yenu. Kwenye karatasi kuna jina la mradi na namba tu. Aliyekuja huko ni mwenzangu wa ofisini. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhakiki hesabu za maabara, na hesabu zilikuwa sawa.

Barua yako ilipofika nilirudi kwenye picha. Vichujio vyenyewe huyeyushwa maabara, lakini kabla ya hapo hupigwa picha, kimoja kimoja. Mtu anayepuliza rangi ndani ya tangi kichujio chake hurudi na madoadoa, kama uso wake. Vyenu vimerudi vyeupe. Kuna chembechembe za mchanga, na hakuna tone la rangi hata moja, kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa sababu ulikuwepo: siku ile mlikuwa mnafanya kazi gani, na mlikuwa mmesimama wapi?

Na nakuomba, Mjomba, mpaka utakaponijibu Kimya asiingie tangini. Mpe kazi yoyote nyingine.

Mpwa wako

30 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimesubiri jibu la barua ya Aprili, halikuja. Nyumbani kwetu wazima. Goti la mama limetolewa maji, sasa anatembea akijivuna.

Jumapili iliyopita nilipiga simu, kama mkaza mjomba atakavyokuwa amekwambia. Alisema umelala. Ilikuwa mchana, watoto wanapiga kelele uani, na tangu nikujue hujawahi kulala mchana. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtu akivuta pumzi. Kazi yangu imenifundisha mluzi ule, Mjomba, na sasa haupumziki hata Jumapili. Ulikuwa umekaa karibu naye.

Ndipo nikaelewa kwa nini umekimbilia barua. Karatasi haikohoi.

Mwenzako ni wewe. Na mwenzako unaniambia hajambo kwa sababu amehamishiwa nje, na bomba lake amepewa mtu mwingine. Sikulaumu kwa kutoka. Nakuuliza tu kuhusu aliyeingia. Pampu zilivaliwa wapi siku ile? Ofisini nimeomba tupime upya, mkuu wangu amesema mteja ameridhika na faili limefungwa. Bila neno lako sina pa kushika.

Mtoe Kimya mle ndani. Hata kama hutaki kuniandikia, mtoe.

Mpwa wako

19 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Watoto wazima.

Kimya amefariki. Tumemzika tarehe tano. Sikumpigia mama yako, mwambie anisamehe.

Alitoka tangini kwa miguu yake. Tulikuwa kwenye tangi la pili, tunamalizia dari. Akakaa kwenye mfuko wa saruji, akavua barakoa, akasema tangi linamwonea wivu, linataka abaki. Tukacheka. Kisha akaushika ukosi wa shati kama mtu anayelegeza kitu, na ukosi ulikuwa wazi. Midomo ikabadilika rangi. Nilimwita dereva wa pikapu, pikapu ilikuwa imekwenda kuchukua mchanga. Tukambeba hadi barabarani, tukasimamisha gari la mboga. Alikuwa amenishika mkono. Tulipofika mlango wa hospitali alikuwa bado amenishika, lakini si yeye tena.

Injinia alikuja msibani na sanduku la soda. Alisema kampuni inasikitika, na kwamba marehemu alikuwa na pumu tangu utotoni. Mama watoto alimwambia mdogo wake hakuwa na pumu, alikuwa akivuka mto kwa kupiga mbizi na wakubwa wakimtafuta. Injinia akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama. Nikasema labda ilikuwa imejificha.

Tangu hapo mama watoto ananipakulia chakula na kuniwekea maji ya kuoga, na hasemi neno. Cherehani ndiyo inayozungumza ndani ya nyumba.

Barua zako zote mbili zilifika kabla. Nilizisoma.

Karatasi bado iko kwenye kibanda cha chai.

Mjomba

27 Juni

Mjomba wangu,

Pole. Poleni sana. Mama amelia, kisha akanikataza kukuandikia kwa hasira, na kwa kweli hasira nilizokuwa nazo zimekosa mtu wa kumwendea. Jina lililowaambia watu wako kwamba hewa ni salama ni langu.

Nimefanya haya. Nimeandika kwamba naiondoa saini yangu kwenye majibu yale, na nimeipeleka barua hiyo, pamoja na zile picha, kwa wakaguzi wa usalama kazini. Mkuu wangu aliniita akaniambia nifikirie maisha yangu. Nikamwambia ndiyo ninayoyafikiria.

Wakaguzi wanataka vitu viwili. Cha kwanza ni kipimo kipya, bila kumwarifu mtu wa saiti ila wewe. Wamenikubalia niende nao. Usiogope kwamba tutawafanya watu wavute ile hewa ili sisi tupate namba. Nitakuja na kofia za kuletewa hewa kwa mpira, na kichujio kitaning'inia nje ya kofia: mtu atavuta hewa safi, kichujio kitavuta ya tangini. Wewe hutaingia. Hata kwa kofia. Hata kusogelea tundu.

Cha pili ni mdomo wa kusema zile pampu za mwanzo zilivaliwa wapi. Huo siwezi kukuchagulia. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, na ukikaa kimya nitaelewa, nitakuja vilevile, na nitakuamkia kama kawaida.

Mpwa wako

8 Julai

Mpwa wangu,

Barua yako aliipokea mama watoto. Aliifungua yeye, akaisoma mezani kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, watoto wakiwa wamekaa. Kisha akawatoa watoto nje. Akaniuliza, "Mlizivalia wapi?" Lilikuwa ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu mazishi.

Nikamjibu. Alinisikiliza huku akikunja sare moja, akaikunjua, akaikunja tena. Nilipomaliza akasema, "Mwandikie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Basi ni hivi. Siku ile tangi lilifungwa. Injinia alijua tarehe mapema. Tulipaka ngazi za nje kwa brashi, rangi ya kawaida ya kopo moja, upande wa upepo, pampu zikiwa zinalia mkandani. Yule kijana wenu alionyeshwa ngazi, akaambiwa hiyo ndiyo kazi, akaandika. Injinia alipanga siku, mimi nikawapanga watu. Nilijua tangi lilivyo kwa sababu lilikuwa limeshanivunja kifua. Unyapara ulitangazwa wiki iliyofuata. Nilipoona saini yako nilifarijika, kana kwamba umenitazama na kuniambia haidhuru. Naiandika hii na nitaisema mbele ya yeyote.

Njooni Jumatano ya wiki ijayo. Tangi la tatu linaanza kupulizwa asubuhi. Nitakuwa getini.

Mjomba

2 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Nilifika salama siku ile, na samahani kwa kuondoka bila hata kunywa chai ya mkaza mjomba. Alinifungia mkate wa njiani. Nilikula nikilia, abiria mwenzangu akadhani mkate una pilipili.

Wewe ulisimamishwa mbali kule getini, hukuona. Wale wawili waliokubali kuingia waliingia na kofia zao, wakapuliza kama kawaida. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka tundu niliona taa zao tu. Injinia alinifuata akasema kwa adabu kwamba namharibia watu. Nilimwomba asogee pembeni, yeye hana kofia. Alisogea haraka kuliko nilivyotarajia, Mjomba. Hapo nikajua kwamba anajua.

Majibu yametoka. Yamekipita kiwango kwa mbali mno. Fundi wa maabara alinipigia kuuliza kama nilikidondosha kichujio ndani ya kopo. Wakaguzi wamesimamisha kazi yote ya ndani. Maneno yako wameyaandika, na kifo cha Kimya kinachunguzwa upya. Neno pumu limefutwa kwenye karatasi zake. Mwambie mkaza mjomba hilo kabla ya mengine yote.

Mimi ofisini sipo tena. Sitaki kuliongelea sana. Dirisha bado ninalo, kodi imelipwa mpaka mwisho wa mwaka, mama ananipikia kana kwamba nimetoka kuumwa.

Uliniuliza getini kama kifua kitarudi kilivyokuwa. Nilijifanya nafunga sanduku la vifaa. Hakirudi chote. Ukikaa mbali nayo kitatulia, na dawa ya kuvuta itakusaidia, lakini usikaribie tena mahali inapopulizwa: si tangini tu, hata gereji wanapopaka magari, hata kwa seremala. Jifunze kuuliza kabla hujaingia popote. Nimechelewa kukwambia kwa sababu nilikuwa natafuta namna nzuri ya kusema, na sikuipata.

Mpwa wako

11 Oktoba

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na salamu nyingi kwako na kwa dada yangu. Mama watoto alipopata habari ya lile neno kufutwa alikaa chini pale alipokuwa amesimama, jikoni. Kisha akaniuliza kama nimevuta dawa. Sasa tunazungumza, kidogo kidogo, mambo ya nyumba.

Mimi sina kazi, tunalingana sasa wewe na mimi. Natembea mpaka kona na kurudi. Juzi jirani alipaka kabati lake uani, sijui kwa rangi gani. Nilijifungia chumbani na taulo mlangoni, maana ulisema nikae mbali nayo, mpaka mwanangu aliponiambia imekauka.

Sikutaka kukuandikia linalofuata, lakini nimechoka kukuficha mambo. Kazi huku imesimama, kweli. Ila ng'ambo ya mto kuna matangi mengine, ya kiwanda, na ubao wa pale una jina la kampuni nisiyoijua. Injinia ni yule yule. Makopo ni yale yale, kubwa na dogo, nimeyaona yakishushwa. Watu wanaoajiriwa ni wageni, hawakumjua Kimya. Nimewapelekea habari wakaguzi. Wamesema watakuja, hawakusema lini.

Mama watoto nilimwambia usiku. Asubuhi nikamkuta amevaa viatu. Akasema, "Twende." Tukaenda, tukasimama nje ya uzio, upande upepo unakotoka. Kila aliyefika getini alimsimamisha. Anawaambia alikuwa na mdogo wake, anawaambia jina lake la kuzaliwa, ambalo sikuwa nimelisikia likitamkwa tangu msibani. Anawaambia maji ya kahawia yanafanya nini, na kofia gani waidai kabla ya kuingia. Mimi sisemi sana, pumzi haitoshi. Nasimama kando yake, na nikikohoa wanageuka kunitazama.

Mlinzi ametufukuza, tumerudi kesho yake. Na kesho yake tena. Jana wawili walitusikiliza wakaondoka zao. Wa tatu alikuwa mtu wa makamo, mpole, kama mimi mwaka jana. Alimwamkia mama watoto, akampa pole kwa heshima. Akasema ana watoto. Kisha akatoa barakoa ya vumbi mfukoni, akaivaa, akaingia.

Tulikaa chini pale pale tukamngoja atoke.

Mjomba wako